Msitu Juu ya Mlango wa Bati

Kwangu mimi, harufu ya msitu ni harufu ya majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, yakiwa yameanikwa juani. Najua si kweli. Ukubwani nilifika Kakamega, nikaingia chini ya miti ambayo vichwa vyake sikuviona, nikavuta pumzi nikingoja ile harufu. Haikuwapo. Palikuwa na harufu ya uyoga na ya mvua ya jana. Nikasimama pale kama mtu aliyefunga safari kwenda kwa ndugu akaambiwa wamehama.

Lakini juzi, hapa Lodwar, mama anayetupikia chai kazini alimwaga majani yake kwenye sinia, akaliweka nje ya dirisha langu yakauke, ayatie kwenye maua yake. Upepo wa asubuhi ulipoyapitia, niliacha nilichokuwa nikiandika. Wenzangu walidhani naumwa kichwa. Nilikuwa Kakuma, mtoto wa miguu peku, nyuma ya nyumba ya Papa Riziki, nikishikilia sahani ya chai kavu huku nikiambiwa ninyunyize polepole, kama mtu anayetia chumvi.

Mama yangu alikuwa muuza kuni. Siku zile wakimbizi wa kambi ya Kakuma walikatazwa kwenda porini kukata miti, kwa kuwa kila walipokwenda ugomvi ulizuka na wenyeji. Sisi wenyeji ndio tuliokwenda. Mama aliondoka kabla jua halijawa na makali, akafuata laga ya Tarach, mto mkavu wa mchanga, mpaka kwenye vichaka vya miiba vya mathenge, na aliporudi hukumwona uso. Uliona mzigo unaotembea, na chini yake shanga na miguu. Aliubadilisha kwa mahindi au unga nyumba hadi nyumba. Kambini hakuna aliyejua jina lake. Walimwita Mama Kuni, na mimi nilikuwa mtoto wa Mama Kuni. Baba alikuwa na mifugo huko upande wa Lokiriama pamoja na bibi, mama yake, na kwetu alikuja kama mvua, yaani ukishamsahau.

Nyumba ambayo mama aliipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Riziki, mwanamke wa Kongo, mnene, mwenye sauti ya chini. Wote wawili walizungumza Kiswahili, lakini kila mmoja chake. Mama alisema "kuni iko mzuri leo", Mama Riziki akajibu "weka pale, mama, upumuzike", na mambo yakaenda. Mama alipewa maji, akakaa kivulini, shingo yake ikarudi mahali pake. Mume wake, Papa Riziki, alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda sokoni kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mtoto wao alikuwa Riziki, msichana wa rika langu, aliyezaliwa humo humo kambini na asiyeamini jambo lolote mpaka aliguse.

Siku mambo haya yalipoanza nilikuwepo. Papa Riziki alikuwa akimsimulia mwanawe habari za kwao, jinsi alivyofanya kazi ujanani kwenye treni ndogo iliyobeba magogo kutoka msituni hadi mtoni.

"Kule kwetu," alisema, "miti iko mirefu. Ukitaka kuona mwisho yake, kofia inaanguka nyuma."

"Mirefu kushinda tangi ya maji?" Riziki aliuliza.

"Unaweka tangi tatu, moja juu ya ingine, na bado."

Riziki alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka jinsi mtoto anavyocheka akiambiwa sungura alioa. "Papa, unadanganya," akasema, kisha akaenda kuchota maji.

Papa Riziki alibaki ameshika bisibisi. Nilimwona akitazama kule mwanawe alikokwenda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu akiwa amekishika. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba kwa yule mtoto nchi yao ilikuwa hadithi tu. Kesho yake aliung'oa mlango wa nyumba yao, ule uliotengenezwa kwa madebe ya mafuta ya kupikia yaliyopigwa nyundo yakanyooka, akaulaza juu ya matofali nyuma ya nyumba, ajenge juu yake msitu wa kwao na ile treni, vidogo, mwanawe aviguse. Mlangoni akatundika blanketi.

"Tutalala na blanketi sababu ya treni?" Mama Riziki aliuliza.

"Siku kidogo tu," mumewe alimjibu.

Mimi nilitaka kujua treni ni nini. Papa Riziki, aliyependa kuulizwa, alinieleza kwa uaminifu wote. Inakula kuni, alisema. Inakunywa maji mengi, lakini ikishakunywa inakwenda mbali. Inabeba mzigo mkubwa bila kulalamika. Zikifuatana, zinafuatana mstari mmoja. Ikichoka inapumua kwa sauti. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikaona sina haja ya kuuliza zaidi. Nilikuwa nimemjua mnyama huyo. Alikuwa ngamia wa Kongo. Nikauliza jambo moja tu, nani anayemkamua.

Papa Riziki hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Huyu hakamuliwi. Iko dume."

Basi nikaridhika.

Haukupita muda mrefu, mwiba wa mathenge ukamchoma mama unyayoni. Mwiba ule una sumu yake. Mtu wa huku haufanyii mzaha. Mama aliutoa kwa sindano, akaendelea kutembea, kwa sababu kuni haziji zenyewe. Mguu ukavimba kutoka kidoleni, ukapanda. Asubuhi moja alifika kwa Mama Riziki na mzigo kichwani, akautua taratibu kama kawaida, kisha yeye mwenyewe akashuka chini pembeni yake, hakuinuka. Ngozi ya mguu ilikuwa imevutika ikang'aa, na ilipofunguliwa ile kanga aliyokuwa ameifunga, Mama Riziki aligeuka kando.

Walimpeleka kwenye zahanati ya kambi kwa mkokoteni, na kule wakasema hili ni la Lodwar. Nakumbuka gari jeupe, mlango wa nyuma ukiwa wazi, na mama amelala kwenye machela akitetemeka katika jua lile. Alinitafuta kwa macho, akamtafuta na Mama Riziki.

"Huyu mtoto," mama alisema.

"Atakaa," Mama Riziki alisema.

Hawakusema zaidi. Nimeketi katika vikao vingi vya wenyeji na wakimbizi tangu nianze kazi ya upatanishi, vikao vya kutwa nzima, na sijapata kusikia mapatano yaliyokamilika kuliko yale.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuishi katika nyumba isiyo na mlango. Nililala mkeka mmoja na Riziki. Nilikula sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa ambayo Mama Riziki aliyapata kwa mtu aliyeyapata kwa mtu, na mara ya kwanza niliyatema, kwa kuwa kwetu majani ni chakula cha mbuzi. Majirani zetu wa Kakuma mjini walipita wakanisalimu kwa Kiturkana, ejok, wakaniuliza unakaa huku kwa nini. Niliwaambia tuna kazi. Na kweli tulikuwa nayo.

Kwa msitu ule hakikununuliwa kitu. Papa Riziki alikuwa na neno lake kuhusu hilo, kwamba dunia imejaa treni zilizovunjika, kazi yetu ni kuokota. Mlima tuliufinyanga kwa udongo wa laga uliochanganywa na mifuko ya unga ya karatasi, tuliyoiloweka ikawa uji. Reli zilikuwa mbavu za miavuli iliyokufa. Mabehewa yalikuwa mikebe ya samaki, magurudumu vizibo vya soda, na kichwa cha treni kilikuwa kopo la maziwa lenye betri kuukuu kama bomba la moshi. Udongo wa msitu ukawa majani ya chai. Tulizunguka nyumba za Wakongo, za Wasudani, hata za Wasomali wanaochemsha chai na maziwa na iliki, tukiomba makapi yao. Yale ya Wasomali tuliyatenga, kwa sababu Papa Riziki alisema msitu wake haukunuka iliki.

Miti ndiyo iliyotusumbua. Vijiti vya mathenge vilifaa kwa mashina, lakini matawi je? Kwanza tulibandika majani mabichi, madogo madogo, na mlima ukawa wa kijani tukashangilia. Tulipotoka kwenda kula, mbuzi wa jirani akafika. Tulimkuta akiwa ameweka miguu ya mbele juu ya mlango, ametulia, anatafuna msitu wa Kongo. Riziki alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Papa Riziki alimtazama mbuzi kwa muda, akasema kampuni yake ya zamani ya magogo ilifanya vile vile, lakini ilichukua miaka mingi. Baada ya hapo tulitumia sifongo ya godoro lililochakaa. Tuliichana vipande vidogo tukavichovya kwenye rangi iliyobaki mtu alipopaka dirisha la kanisa.

Kisha tukafanya mto. Nilishangaa kuwa mto ule una maji kila siku. Mto ninaoujua mimi huja mara moja kwa hasira, ukaondoka, ukaacha mchanga. Nilimwuliza Papa Riziki nani anayeufunga usiku. Alisema haufungwi. Hilo lilinitia hofu kidogo, nikafikiri ndiyo sababu wamehama.

Na kwa kuwa hakuna mfugaji anayeacha mnyama wake nje, nilijenga boma la miiba pembeni mwa mlima, la treni kulala. Riziki alisema treni haina boma. Baba yake alisema, "Yake iko nayo," na boma likabaki.

Niliwaza mambo mengi nikiwa nimeinama juu ya mlango ule. Ukikaza macho kwa muda, ukubwa wa vitu hupotea. Mchwa anayepita kwenye chai anakuwa fahali. Unasikia baridi, ile baridi aliyotusimulia, ya chini ya miti ambako jua halifiki chini. Jua la Kakuma lilikuwa likinichoma mgongo, na tumboni mwangu kulikuwa na kivuli. Katika kivuli hicho nilimwona mama akija, hana mzigo, na nyuma yake yule ngamia wa chuma amebeba kuni za kutosha kambi nzima, na mama amemshika kamba kwa mkono mmoja tu.

Kilichobaki kilikuwa daraja. Treni ilipaswa kuvuka bonde refu kabla ya kufika mtoni, na Papa Riziki alitaka daraja la miti kama lile alilolijua, lenye miguu mirefu iliyopishana. Tulitumia njiti za ufagio. Gundi niliileta mimi. Watoto wa huku tunaijua miti inayotoa utomvu. Tunautafuna kama peremende. Riziki nami tulitafuna ukawa laini, tukautema kwenye kifuniko, na Papa Riziki akapaka kwa ncha ya msumari. Ilikuwa kazi ya taratibu. Njiti moja ikikauka, ndipo nyingine iwekwe.

Siku moja, nikiwa nimeshika njiti, nilimwuliza Papa Riziki mama atarudi lini. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Papa Riziki hakuinua kichwa. Aliipuliza gundi.

"Tukimaliza daraja," alisema, "mama yako atarudia."

Watu wazima husema maneno hivyo, jinsi mtu anavyomfunika mtoto shuka bila kufikiri. Mimi nililichukua kama tarehe. Tangu saa ile sikucheza tena. Nilipanda miti ya utomvu mpaka mapaja yakachanika. Niliamka kabla ya Riziki nikaenda kugusa viungo kama vimekauka. Mama Riziki alidhani nimeipenda kazi, akanisifu kwa jirani.

Daraja liliisha mchana, jua likiwa utosini. Papa Riziki aliweka njiti ya mwisho, akaondoa mkono polepole, daraja likasimama. "Bon," alisema, "daraja imeisha." Riziki akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Nilikwenda kukaa kando ya barabara kuu, mahali malori yanayotoka Lodwar yanapopunguza mwendo kabla ya kuendelea Lokichoggio. Yalipita na vumbi lake. Nilitazama kila lori, na kila gari jeupe lililopita nilisimama. Jua likaanza kulala. Riziki alinifuata akanikuta.

"Unangoja nini?"

"Mama. Daraja limeisha."

Riziki, asiyeamini jambo mpaka aliguse, alipangusa mawe kando yangu. Kisha akakaa, akangoja na mimi.

Kesho yake nilirudi barabarani, na siku iliyofuata. Chakula sikukitaka. Nyuma ya nyumba sikwenda tena. Nilikuwa nimeanza kufikiri jambo ambalo mtoto halifikirii kwa maneno. Linakaa tu kifuani kama jiwe la kusagia. Kwamba daraja lilifanya kazi yake vizuri, na ni mama ambaye hakuweza kuja.

Papa Riziki alikuja mwenyewe, akageuza dumu la maji akalikalia karibu nami.

"Ile neno nilisema," alianza, "sikuwa najua. Uliniuliza, na mimi nikaona kunyamaza ni mbaya. Nikasema ile neno iliyokuwa karibu."

"Amekufa?"

"Sijui." Hakuniwekea asali. "Lakini nitajua. Hiyo naweza kukuambia, na haiko ya daraja."

Yeye mwenyewe hakuweza kwenda Lodwar. Mkimbizi hawezi kutoka Kakuma bila ruhusa, na ruhusa haitolewi kwa sababu ya Mama Kuni. Kwa hiyo alifunga kibanda chake, akakaa barabarani pale pale nilipokuwa nikikaa mimi, akasimamisha magari. Alimtafuta dereva ambaye aliwahi kumtengenezea redio ya lori. Alimpata. Dereva, mtu wa Kitale, mwenye tumbo na fulana iliyotoboka, alimsikiliza huku injini inanguruma, akasema, "Ni sawa mzee, nitapitia hospitali nikishusha mzigo."

Aliporudi kutoka Lodwar alisimamisha lori akaniita. Alinipa kifundo cha kitambaa cha hospitali. Ndani yake kulikuwa na mkufu mmoja wa shanga za mama, zile nyekundu alizozivaa karibu kabisa na kidevu, ambazo maishani mwangu sikuwahi kumwona amezivua. Nilipoziona bila shingo ndani yake niliketi vumbini.

Dereva alizima injini. "Sikiza, mtoto," alisema. "Mama yako ako hai. Nimeongea na yeye kama vile naongea na wewe. Shanga ni daktari alitoa ndio wampatie dawa ya usingizi. Amesema ukae kwa hawa watu, usitoke. Amesema atakuja."

"Lini?"

Alimwangalia Papa Riziki, kisha akaniangalia. "Hakusema lini," akajibu. Kwa sababu hakusema lini, nilimwamini.

Jioni hiyo nilikula. Asubuhi nilirudi nyuma ya nyumba, nikachukua sahani yangu ya chai kavu. Kulikuwa bado na mahali wazi chini ya mlima.

Mama alirudi wakati wa upepo, ule unaobeba mchanga ukapiga mabati. Gari jeupe lilimleta hadi kwenye njia ya kambi. Alishuka mgongo ukitangulia, akishikilia magongo mawili ya mbao mpya, na nilipokimbia kumkumbatia niliona kwamba chini ya goti moja shuka lilikuwa linapepea bila kitu ndani. Nilisimama. Nilitazama ndani ya gari kama wamesahau kuushusha.

"Mguu umeuacha Lodwar?" nilimwuliza kwa Kiturkana.

"Nimeuacha," mama alisema. "Ulikuwa umechoka kutembea."

Alisema hivyo kwa utulivu, akaniwekea mkono kichwani. Mama Riziki alilia waziwazi kwa ajili yetu sote. Mama hakulia. Alisalimia kila mtu, akanywa maji, kisha akauliza mlango wa nyumba umekwenda wapi.

Tukampeleka nyuma. Papa Riziki alikuwa amefua shati. Alikuwa ameweka betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, na mota aliyoing'oa kwenye redio ya kaseti ilikuwa imefungwa uzi wa kuivuta treni. Mama alikaa kwenye dumu, magongo mapajani, akatazama. Treni ilitoka bomani mwangu, ikapita chini ya miti, polepole, na vijiti vya magogo vikitikisika kwenye mikebe. Ikafika darajani. Njiti zilinesa, gundi yetu ya mate ikashika. Ikavuka. Riziki alikuwa amemshika baba yake mkono, na hakuuachia hata treni iliposimama mtoni.

"Mirefu hivyo kweli?" Riziki alinong'ona.

"Kweli," baba yake alisema.

"Basi sawa."

Mama aliinama. Alinyoosha kidole, akagusa mahali palipokatwa, ambapo Papa Riziki alikuwa amesimamisha visiki vidogo vidogo, kwa ustadi, kila kimoja na pete zake.

"Hii miti ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Papa Riziki alifikiri hajasikia vizuri. "Ya kampuni, mama."

"Mbele ya kampuni kuja."

Papa Riziki aliweka uzi chini. Upepo ulipiga mabati. "Ya babu zetu," alisema mwisho. "Baba yangu aliwaonyesha ile ya kukata. Walimpa kazi. Mimi pia."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea salamu. Kisha akamweleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba pale Tarach, kwenye ile kona ambapo sasa watu wanachota mchanga, palikuwa na ekwar ya baba yake, miti ya ukoo, iliyotunzwa na kujulikana, kila mti na mwenyewe. Mtu hakukata pale bila kuomba. Watu walipokuja kuwa wengi, ikaisha. "Hata mimi nilikata," alisema. "Nilileta hapa kwenu. Mlipika nayo."

Hakuna aliyeomba msamaha. Sidhani palikuwa na wa kumwomba mwenzake. Mama Riziki alileta chai, tukainywa, na Papa Riziki aliokota treni akairudisha upande wa pili wa daraja kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anavyobebwa kifaranga. Kesho yake niliona ameng'oa baadhi ya visiki. Mahali pake alikuwa amepanda miti.

Hatukurudi kuuza kuni. Mama na Mama Riziki walianza kukaanga mandazi pamoja, na mama alikuwa mwepesi wa kukanda kuliko mtu yeyote mwenye miguu miwili. Baada ya muda, ambao kwangu ni mrefu na mfupi, jina la familia yao likatoka kwenye orodha ya wanaohamishwa, wakapelekwa nchi ya baridi. Riziki aliniandikia kwamba nyuma ya nyumba yao kuna msitu, lakini ni wa miti ya aina moja tu, na baba yake hatoki kuutazama. Kabla ya kuondoka, Papa Riziki alibomoa mlima wake, akausugua mlango kwa maji na mchanga, akaurudisha mahali pake, kwa kuwa familia iliyokuwa inaingia ilikuwa na mtoto mchanga.

Lakini ninapovuta harufu ile ya chai, safari yangu haifiki huko. Inaishia asubuhi ya pili baada ya mama kurudi, tulipokuwa bado tunakaa kwao. Aliniamsha akasema anataka kuona ile kona ya Tarach. Gongo moja alilichukua mkono wa kulia. La pili aliliacha, akaweka mkono wa kushoto begani kwangu. Tukashuka lagani, mchanga ukiwa bado baridi, na kila alipopiga hatua niliubeba mwili wake kwa nusu, kisha akanipunguzia, kisha nikaubeba tena. Nilizoea kujua uzito wa mizigo yake. Uzito wa mama mwenyewe sikuwahi kuujua. Nilishangaa ulivyokuwa mdogo. Sikumwambia. Nilikaza bega, nikapunguza hatua zangu zilingane na zake, tukaendelea kwenda.